Kibanio cha Marinda na Kitambaa Kinachozidi

Chukua mkasi ukifumue kibanio kimoja cha nywele cha kitambaa, kile cha duara chenye mikunjo mingi ambacho wasichana hukivaa kichwani asubuhi na mkononi jioni. Tafuta pale fundi alipomalizia kwa mkono, kata uzi, chomoa kilicho ndani. Kinatoka kipande cha lastiki chenye urefu wa sentimita 18 au 20 na upana wa nusu sentimita hivi. Sasa kilaze kitambaa chenyewe mezani ukinyooshe. Kinafika sentimita 50, na kwa vile vikubwa hupita 60. Kitambaa ni karibu mara tatu ya lastiki.

Mfanyabiashara anayehesabu senti atauliza hapo hapo: kitambaa chote hiki cha nini? Lastiki ya sentimita 20 ingefunikwa na kitambaa cha sentimita 20, na roli moja lingetoa bidhaa mara tatu. Swali lake ni halali, na jibu linaeleza karibu kila kitu kuhusu kidude hiki: kwa nini kinazihurumia nywele, kwa nini aliyekiingiza sokoni alimaliza miaka mingi akibishana na makampuni, na kwa nini fundi wa mtaani anaweza kukishona kikawa bora kuliko cha kiwandani. Wengi huyachukulia marinda yale kuwa pambo. Kwa maoni yangu marinda ndiyo mtambo wenyewe, na pambo limekuja kwa bahati.

Tuanze na ufumaji. Kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za wima na za mlalo, kama kitenge au satini, hakivutiki kwa kiasi cha maana. Lastiki nayo huvutika mara mbili hata tatu ya urefu wake. Ukitaka kukifunika kitu kinachovutika kwa kitu kisichovutika, njia ni moja: uweke akiba ya kitambaa tangu mwanzo, ikae imejikunja lastiki inapopumzika, ifunguke lastiki inapovutwa. Marinda ni hiyo akiba. Kila fundi cherehani anaijua kanuni hii kutoka kwenye kiuno cha sketi ya mtoto au suruali ya kulalia, ingawa si wengi waliowahi kufikiri kwamba kiuno hicho hicho, kikipunguzwa hadi kutosha ngumi, kingeweza kufunga nywele.

Akiba hiyo ina kazi ya pili ambayo haionekani. Inapokwisha, yaani kitambaa kinaponyooka chote, mvuto unasimama. Huwezi kuivuta lastiki kupita pale, hata ukitumia nguvu, kwa sababu sasa unavuta kitambaa. Lastiki huharibika inapovutwa mara kwa mara hadi mwisho wa uwezo wake, na raba tupu haina wa kuizuia. Hukatika siku yoyote, mara nyingi ukiwa umeshachelewa. Kitambaa kinaiwekea mpaka, tena kinaikinga na jua na mafuta ya nywele, ambayo yote mawili huila raba taratibu.

Aliyeligeuza wazo hili kuwa biashara alikuwa Rommy Revson, mwimbaji na mpiga kinanda wa kumbi za usiku huko Marekani. Alizaliwa mwaka 1944, akaolewa katika familia ya Revson iliyomiliki kampuni ya vipodozi ya Revlon, na ndoa ikavunjika. Mwaka 1986 alikuwa Southampton, kwenye kisiwa cha Long Island, New York, hana ndoa, hana kipato cha uhakika, na nywele zake zilikuwa zimechoka kwa dawa za saluni. Vifungio vya wakati ule vilikuwa vya plastiki ngumu, vya chuma, au raba zenye kipande kidogo cha bati kilichounganisha ncha mbili, na kipande hicho kilikuwa na tabia ya kung'oa nywele kila kilipotolewa. Inasimuliwa kwamba alitazama kiuno cha suruali yake ya kulalia, akaona lastiki iliyovikwa kitambaa, akapata wazo. Alinunua cherehani iliyokwisha tumika kwa dola 50, akajifunza kushona mwenyewe.

Hakuwa wa kwanza duniani kufikiria jambo hili. Mwaka 1963 Mmarekani mwingine, Philips E. Meyers, alikwishapata hataza ya kifungio cha nywele cha aina hiyo, na nina hakika mama wengi wasiojulikana katika nchi nyingi waliwahi kumshonea binti kitu cha namna hiyo bila kuwaza hataza. Tofauti ya Revson ni kwamba alikipeleka sokoni katika muongo uliokuwa unakisubiri. Miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na mazoezi ya viungo kwenye televisheni, nywele kubwa zilizotiwa dawa, rangi kali na vitambaa vya kumeremeta. Nywele nyingi zilihitaji kufungwa, na zilikuwa dhaifu. Ndani ya miaka michache kibanio hicho kilionekana kwa Madonna, kwa wacheza sarakasi wa Olimpiki na kwa wasichana wa shule. Filamu ya Heathers ikakifanya chekundu kuwa alama ya anayetawala kundi.

Sasa nywele zenyewe. Unywele ni uzi wa protini iitwayo keratini, umevikwa nje magamba membamba yaliyolaliana kuelekea nchani. Unywele mmoja wenye afya hubeba uzito wa karibu gramu 100 kabla ya kukatika, na kichwa kina nywele zipatazo laki moja. Ukizidisha utaona kwamba mkia wa nywele, kwa nguvu ya jumla, ungemwinua mtu. Kwa hiyo kinachozikata nywele kila siku huwa ni kitu kingine: unywele kukunjwa kwa ukali mahali pale pale, siku baada ya siku, na kusuguliwa hadi magamba yakachubuka. Magamba yakiisha, kiini cha ndani kinabaki wazi na kuanza kuchanika.

Raba nyembamba inafanya makosa yote mawili. Upana wake ni milimita mbili tatu, kwa hiyo nguvu yote ya kubana inaangukia kwenye mstari mmoja, na nywele hupinda kwa kona kali pale inapopita. Tena raba inang'ang'ania. Hiyo ni sifa yake njema kwenye tairi na balaa yake kwenye nywele. Unapoizungusha mara ya pili na ya tatu, inaburuta nywele badala ya kuteleza juu yake, na unapoivua inaondoka na kadhaa. Raba ya kufungia karatasi ilipata hataza London mwaka 1845 kwa jina la Stephen Perry, na kazi iliyotajwa ilikuwa kushika karatasi na bahasha. Karatasi haina magamba.

Kibanio cha marinda kinabadilisha hesabu bila kupunguza sana nguvu ya lastiki. Mikunjo inajaa katikati ya lastiki na nywele, na mgandamizo unatandazwa juu ya sentimita mbili au tatu. Yeyote aliyebeba ndoo ya maji kichwani anajua tofauti ya kuibeba kwa ngata na kuibeba bila ngata: uzito ni ule ule, maji ni yale yale, lakini kitambaa kilichoviringwa kinaamua kama utafika nyumbani na maumivu. Kwenye nywele mambo ni hivyo hivyo. Pembe ya kupinda inakuwa pana, nywele zinazunguka mto mdogo badala ya kukunjwa kwenye waya, na kwa kuwa mikunjo inajaza nafasi kati ya nywele, kibanio hushika bila kulazimika kukaza sana.

Hapa ndipo swali la kitambaa gani linapoingia, na wauzaji wamelichanganya. Neno satini linatumika madukani kana kwamba ni jina la malighafi. Satini ni namna ya kufuma: uzi mmoja unarukishwa juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama chini, kwa hiyo uso wa kitambaa una nyuzi ndefu zilizolala na mapishano machache. Ndiyo maana unang'aa na kuteleza. Satini inaweza kuwa ya hariri, lakini ya bei nafuu huwa ya poliesta karibu daima. Zote mbili zinateleza, na ya poliesta hunyonya unyevu kidogo kuliko pamba. Kitambaa cha kawaida cha pamba nacho kinapishanisha nyuzi moja kwa moja, juu chini, juu chini. Uso wake una vijibonde vingi ambamo nywele hukwama.

Je, basi satini ni bora siku zote? Inategemea kichwa. Nywele zilizonyooka na laini, kama za watu wengi wa Asia, zenyewe zinateleza. Ukizifunga kwa satini, kibanio kinashuka taratibu hadi shingoni. Kwao pamba au mahameli hushika vizuri zaidi. Nywele zetu za kipilipili ni habari nyingine. Unywele wake ukiukata na kuutazama kwa darubini, mkato wake ni bapa kidogo, na unajizungusha njia nzima. Kila unapogeuka pana udhaifu. Nywele za namna hii zinashikana zenyewe, hazihitaji kitambaa cha kuzing'ang'ania. Kinachohitajika ni kitu kisichozisugua. Kwa hiyo satini inayoonekana mbaya kwa mtu wa Seoul inaweza kuwa ndiyo inayomfaa mtu wa Tandika, na maelezo ya kwenye pakiti yaliyoandikwa kwa ajili ya mmoja hayamhusu sana mwingine. Nywele zikiwa zimelowa, tahadhari iongezwe kwa wote, kwani unywele hunyonya maji, hufura, huvutika kirahisi na hukatika kwa nguvu ndogo.

Lipo jambo ambalo kibanio hiki hakiwezi, na matangazo hayalisemi. Hakizuii kuvutwa. Mtu akizivuta nywele nyuma hadi nyusi zinapanda, kisha akazifunga kwa hariri ya bei mbaya, mizizi ya pembeni mwa paji la uso inavutwa vile vile. Madaktari wanaujua upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa, na Afrika tunao kwa wingi. Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town walichapisha mwaka 2007 matokeo yaliyoonyesha tatizo hilo kwa karibu theluthi moja ya wanawake waliowachunguza. Chanzo huwa mitindo ya kukaza, hasa kusuka juu ya nywele zilizotiwa dawa, na kibanio ni mshiriki mdogo tu katika kesi hiyo. Lakini anayedhani kwamba kitambaa laini kimempa ruhusa ya kukaza atasikitika akifika miaka arobaini.

Turudi kwa Revson na hataza yake, maana hapo pana funzo la sheria ambalo wabunifu wetu wangenufaika nalo. Mwaka 1987 alipewa hataza Marekani, lakini ilikuwa hataza ya muundo. Mfumo wa Marekani una aina mbili zinazohusika hapa. Ya kwanza hulinda namna kitu kinavyofanya kazi. Wakati ule ilidumu miaka 17. Ya pili hulinda sura ya kitu, namna kinavyoonekana, na ilidumu miaka 14. Aliyopata Revson ilikuwa ya sura. Pengine hakuwa na njia nyingine: lastiki ndani ya kitambaa kilichokunjwa ilikuwepo viunoni mwa watu kwa vizazi, na Meyers alikuwa ametangulia tangu 1963. Ni vigumu kudai umegundua utendaji ambao kila mtu anao kwenye nguo yake ya kulalia.

Hataza ya muundo ina kasoro moja inayokera mahali kama hapa. Sheria inasema sura inayolazimishwa na kazi peke yake hailindwi. Na tumeshaona kwamba marinda yanalazimishwa na kazi. Huwezi kutengeneza kitu hiki kwa kitambaa kisichovutika bila kupata marinda. Kwa hiyo Revson alikuwa na karatasi iliyolinda sura ya kitu ambacho sura yake ni matokeo ya utendaji wake. Mshindani akibadilisha upana, au akiongeza utepe, au akitumia kitambaa kingine, mabishano yanaanza: hii bado ni sura ile, au si ile? Na kila mwenye cherehani ni mshindani. Alitoa leseni kwa makampuni, akalipwa, kisha akatumia miaka mingi katika kesi za kudai haki zake. Simlaumu. Lakini ukitazama alichokuwa anakilinda, kesi hizo zilikuwa zimeandikwa tangu siku ya kwanza ndani ya bidhaa yenyewe: ukanda wa kitambaa, mshono mmoja wa moja kwa moja, kipande cha lastiki. Kitu ambacho mtu anaweza kujifunza kushona kwa cherehani ya dola 50, wengine nao wanaweza.

Hataza ilikoma mwaka 2001. Wakati huo mtindo wenyewe ulikuwa unashuka. Mwaka 2003 tamthilia ya Sex and the City ilikuwa na kipande ambacho mhusika mkuu, mwandishi wa New York, anamkosoa mpenzi wake, naye mwandishi, kwa kumvika mwanamke wa mjini kibanio cha aina hii katika riwaya yake. Kwa maoni yake hakuna mwanamke wa New York mwenye kujiheshimu ambaye angeonekana nacho barabarani. Ugomvi unatoka hapo. Waandishi wa tamthilia walijua watazamaji watacheka, kwa sababu kibanio kilikuwa kimekwisha kuwa alama ya mtu aliyebaki nyuma.

Ajabu ni nani waliokataa kukiacha. Hillary Clinton, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikivaa safarini, na magazeti yaliandika kuhusu nywele zake kana kwamba mikataba haikuwepo. Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alikuwa na mkusanyo wake na mwaka 2018 aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba vilivyo bora alivipata Zurich. Wote wawili walikuwa wanawake wenye kazi nyingi na muda mchache wa kioo. Mitindo inasema kitu kimepitwa. Kichwa chenye nywele kinajua kama kitu kinafanya kazi. Mimi nasadiki ushuhuda wa jaji kuliko wa tamthilia.

Kilipoanza kurudi kwa kishindo, karibu mwaka 2017 na hasa 2019, kilikuja na tabia mpya: kuvaliwa mkononi kama bangili. Mwigizaji Jason Momoa alikwenda kwenye tuzo za Oscar mwaka 2019 na suti ya Fendi ya waridi, na mkononi kibanio cha rangi ile ile. Vijana wa mitandaoni wakavipanga mikononi vitano, sita. Kwa mtazamo wa biashara wimbi hili la pili lilikuwa tofauti kabisa na la kwanza. Hataza ilikuwa imekufa zaidi ya miaka kumi na mitano. Hakukuwa na wa kuombwa leseni, hakukuwa na wa kumshtaki mwingine kwa kuiga marinda. Kiwanda cha China, mwanafunzi wa chuo mwenye cherehani chumbani, duka kubwa la nguo la Ulaya, wote walisimama mstari mmoja. Revson alifariki Septemba 2022, akiwa na miaka 78, baada ya kukiona kidude chake kikirudi vichwani mwa wajukuu wa wateja wake wa kwanza.

Jina nalo lina mkasa wake. Revson alikiita Scunci, jina la mbwa wake mdogo, na jina hilo bado liko kwenye pakiti za vifaa vya nywele Marekani. Wateja wakalisogeza kidogo hadi likafanana na kitenzi cha Kiingereza cha kufinyanga kitu kikajikunja, wakapata scrunchie. Wafaransa hawakumtaka mbwa. Wanakiita kwa neno wanalomwitia mpenzi au mtoto wa kubembelezwa, chouchou, na Wajapani wakalichukua neno hilo hilo kwa matamshi yao. Brazili wengi husema xuxinha, jina linalomkumbusha Xuxa, mtangazaji wa vipindi vya watoto aliyefunga nywele zake kwa mtindo huo. Wakorea ndio waliotazama kitu chenyewe kwa macho makavu: walikiita kwa jina la utumbo wa ng'ombe unaochomwa na kuliwa. Ukiwahi kusafisha utumbo Jumamosi, utakubali kwamba hawakukosea. Kwetu kinaingia chini ya kibanio, neno linalobeba kila kinachobana nywele, kuanzia kipini cha chuma hadi kile cha plastiki chenye meno, na muuzaji huongeza "cha kitambaa" anapotaka kueleweka. Mjini vijana husema skranchi. Mimi nimekuwa nikisema cha marinda tangu mwanzo wa makala haya kwa sababu marinda ndiyo yanayokitenga na ndugu zake.

Hapa kwetu kibanio hiki hakikukuta kichwa kitupu. Utamaduni wetu wa nywele ulizishika nywele kwa nywele zenyewe: msuko unajifunga, uzi unazungushwa ukatoka mabutu, twende kilioni inasimama bila kifaa chochote. Pete ya lastiki inadhani nywele ni mkia mmoja mrefu unaoning'inia, na kwa muda mrefu dhana hiyo haikutuhusu. Tena watoto wa kike katika shule nyingi za serikali Tanzania hukata nywele fupi, kwa hiyo umri ambao msichana wa Marekani alikuwa anabadilisha vibanio kila siku, wa kwetu hakuwa na cha kubana. Mlango ulifunguliwa na mambo mawili: rasta ndefu za kuongezea, ambazo ni mkia kweli, na wanawake wengi kuacha dawa na kufuga nywele za asili, ambazo zikivutwa juu zinakuwa fungu kubwa lisilopita kwenye raba ya kawaida.

Mabaki ya kitenge yalikuwa tayari yanasubiri. Fundi akikata gauni, pembeni hubaki vipande ambavyo zamani vilijaza mito au kufutia mashine. Upana wa kitenge ni karibu sentimita 115. Ukikata ukanda wa sentimita 10 kuvuka upana huo, unapata vibanio viwili. Mita moja nzima inatoa ishirini. Fundi anakunja ukanda kwa urefu, upande wa uso ukiwa ndani, anashona sentimita moja kutoka ukingoni, anapindua nje ndani kwa pini, anapitisha lastiki iliyofungwa kwenye pini hiyo hiyo, anaunganisha. Hapo kwenye kuunganisha ndipo kazi nzuri inapotofautiana na ya haraka. Wa haraka anafunga fundo. Fundo linahisiwa kichwani ukilala, na lastiki mpya inateleza fundo likafunguka. Fundi mzuri analaza ncha moja juu ya nyingine kwa sentimita moja na kuzishona mara kadhaa kwa mashine, kisha ndipo anafunga kitambaa.

Kasoro ya kitenge ni kwamba ni pamba, na kikiwa kipya kina wanga unaokifanya kikauke kama karatasi. Kikifuliwa kwanza kinalainika, lakini mabaki hayafuliwi, na mteja hawezi kujua. Ningemshauri fundi atumie kitenge kwa rasta, ambazo ni nyuzi za plastiki na hazina magamba ya kuchubuka, na satini kwa nywele za asili. Wapo wanaoshona pande mbili, nusu kitenge nusu satini, wakidhani satini itakaa ndani. Haikai. Marinda hujigeuza kila unapozungusha kibanio mara ya pili, na upande wowote unaweza kugusa nywele.

Halafu kuna ukubwa. Vipimo vinavyozunguka mitandaoni, lastiki ya sentimita 18 au 20 na kitambaa cha 50, vinafaa nywele nyembamba zilizonyooka. Ukivipeleka kwenye fungu la rasta mia moja au afro iliyojaa, kibanio kinavutwa hadi marinda yote yaishe kwenye mzunguko wa kwanza. Kuanzia hapo hakuna tena mikunjo, hakuna mto. Umebaki na ukanda uliokaza, na faida yote tuliyoieleza imeondoka. Dawa si kuongeza lastiki peke yake, kwa sababu kitambaa ndicho kinachoamua mwisho wa mvuto. Vyote viwili viongezwe pamoja: lastiki ya sentimita 25, kitambaa cha 70 au 75, na ukanda ukatwe kwa sentimita 12 badala ya 10 ili unene wa mikunjo ulingane na unene wa nywele. Mita ya kitenge itatoa vichache, kwa kuwa kila kimoja sasa kinakula ukanda mpana na urefu wake hauingii mara mbili kwenye upana wa kitambaa, na bei lazima ipande kidogo. Mteja mwenye rasta nzito ataielewa bei hiyo siku ya kwanza atakapokivua jioni.